Skrini Nyeusi za Korongo Saba

1

Maswali yalikuwa mawili tu, na kwa miaka tisa Subilaga Mwambene alikuwa ameyajibu kama mtu anavyojibu "nzuri" akiulizwa habari za asubuhi, hata kama nyumbani kwake kuna maiti.

"Picha ni yako?" aliuliza Jaji Kihiyo, mwenyekiti wa Tume ya ajali.

"Ni yangu, Mheshimiwa."

"Umeipiga kwa jicho tupu?"

"Kwa jicho tupu."

Alikuwa amesimama mbele ya ukumbi wa Kituo cha Mvua cha Manyoni, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa kitambaa, maana mfupa wa bega ulivunjika na ulikuwa haujaunga. Hakuulizwa lolote zaidi. Hakuulizwa rubani alisema nini, wala yeye alitokaje hai kwenye shamba la uwele ambamo ndege yao, Korongo Saba, iliungua ikabaki mabati. Sheria haikutaka kujua. Tangu mashine zilipojua kutunga sura ya mtu, sauti yake, hata kikohozi chake, ilipita miaka ambayo mwizi alijitetea kwa video na aliyeibiwa akafungwa kwa video, na watu walioonyeshwa matukio ya uongo wakaapa mbele za Mungu kwamba waliyaona kwa macho yao. Basi ikaja Sheria ya Filamu na fagio lake. Tume isitazame kumbukumbu ya mashine, isisikilize kumbukumbu ya binadamu. Ipokee mambo mawili tu: mtu anayekiri kosa lake mwenyewe, na picha ya filamu iliyopigwa na mpigapicha aliyeapishwa, kwa lenzi isiyovishwa kioo kingine chochote. Ndiyo maana kila ndege ilikuwa na kiti cha pili nyuma ya rubani, na kwenye kiti hicho alikaa mtu kama Subilaga, na kila baada ya dakika tatu kengele ililia naye akapiga picha ya dashibodi.

"Haya, ionyesheni," alisema Jaji.

Picha ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa banda la ndege. Ilikuwa picha nzuri, na hilo ndilo lililomuuma Subilaga kwanza, kabla hata ya woga. Imesimama wima, imetulia, mistari yake imenyooka. Mkono wa kulia wa Kapteni Fidelis Ngonyani ulikuwa juu ya usukani, saa yake ya mkanda wa ngozi ikisomeka vizuri kabisa. Swichi zote zilionekana pamoja na maandishi yake madogo. Katikati, mahali ambapo skrini tatu za ndege zilipaswa kuwaka namba na rangi, palikuwa na miraba mitatu myeusi tii.

Ukumbi mzima uliguna.

"Saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi," alisoma karani. "Dakika moja na nusu kabla ya ndege kuanguka."

"Kwa hiyo skrini zilizimika," alisema Jaji, na sauti yake ikalegea kidogo, maana Kapteni Ngonyani alikuwa mtu wa watu na hakuna aliyependa kumwita mzembe kaburini. "Rubani hakuonyeshwa kitu. Alikuwa anarusha ndege ndani ya wingu bila macho."

Kwenye safu ya mbele, mjane wa Kapteni alifunika uso kwa khanga. Wanawake waliokaa naye wakampapasa mgongo, na mmoja akasema kwa sauti, "Si tulisema sisi!" Hata walinzi walitabasamu.

Subilaga alikuwa anaitazama ile miraba myeusi na anakumbuka vizuri sana kwamba skrini zile zilikuwa zinawaka.

"Fundi aliyezikagua na kusaini ni nani?" aliuliza Jaji.

Mwanamume mmoja mwembamba akasimama huko nyuma, kofia mkononi. "Ni mimi, Mheshimiwa. Gidioni Kitundu."

Subilaga angeweza kusema pale pale. Alikuwa bado amesimama, kipaza sauti kiko mbele yake, Jaji yuko hatua sita. Karani akamwonyesha kiti kwa mkono, naye akaenda akakaa.

2

Kila mwaka, ndege za mvua zilipoanza kupanda kukamua mawingu, Kapteni Ngonyani alimpelekea mkewe picha ya wingu la kwanza. Alianza tangu walipokuwa wachumba, na ukuta wa sebule yao ulikuwa na mawingu ishirini na mawili, kila moja na tarehe yake. Kituoni kila mtu alijua. Ilikuwa marufuku, kwa kuwa kamera ya kiapo ni ya dashibodi tu, lakini wakubwa walifumba macho. Ni wingu tu, walisema, nani atafungwa kwa wingu?

Subilaga ndiye aliyepiga nane za mwisho, na alizipiga vizuri kuliko wote waliomtangulia. Alikuwa na kioo chake cha kukata mng'ao, cheusi kidogo, cha kuchomeka mbele ya lenzi na kukizungusha mpaka anga liive buluu na wingu litoke jeupe kama pamba iliyochambuliwa. Alikificha kwenye soksi. Akishapiga wingu anakitoa, anakirudisha kwenye soksi, na kamera inarudi kuwa jicho tupu. Mara nane alifanya hivyo bila kukosea.

Asubuhi ile wingu lilisimama juu ya Itigi peke yake.

"Lile pale, mwanangu," alisema Kapteni, maana ndivyo alivyomwita ingawa hakumzaa. "Mama yako mwaka huu atanikaangia kuku."

"Geuza kidogo kushoto, Baba. Jua likae ubavuni."

Akageuza. Ndege ikaingia kwenye upindo wa wingu, na skrini zote tatu zikawaka manjano. Msaidizi, ile mashine iliyokaa mahali pa rubani wa pili, ikasema kwa sauti yake ya upole: "Barafu inashika bawa la kushoto. Shuka."

"Umepata?" aliuliza Kapteni.

"Bado, Baba. Nipe sekunde kumi."

"Kumi tu. Nahesabu." Akaanza kuhesabu, polepole, kwa kumtania, kama mtu mwenye siku nzima. Moja. Mbili. Msaidizi ikarudia onyo alipofika nne. Ikarudia tena alipofika nane. Subilaga alikuwa amebana pumzi, anazungusha kioo chake, anasubiri ukingo wa wingu ushike jua.

"Kumi! Haya, umepata?"

"Nimepata!"

Kengele ya kiapo ikalia wakati huo huo. Miaka tisa ya mazoea ikamgeuza mkono: akashusha kamera kutoka dirishani, akailaza ubavu ili picha itoke wima, akapiga dashibodi. Kioo kilikuwa bado kimo. Mara injini ya kushoto ikakohoa, ikanyamaza, na baada ya hapo hakukuwa na muda wa kukumbuka soksi.

Mwanga wa skrini hautoki ovyo kama wa taa. Unatoka umepangwa upande mmoja, na kioo cha kukata mng'ao kikikaa kinyume na upande huo, hakipitishi kitu. Ndiyo maana marubani wanakatazwa miwani ya aina hiyo. Ukiivaa na kuinamisha kichwa, dashibodi inazima mbele yako ingawa inawaka. Jambo hili kila rubani aliyekaa ukumbini siku ile alifundishwa wiki ya kwanza ya chuo. Hakuna aliyelifikiria. Mpigapicha alikwisha kusema jicho tupu, basi wote wakaacha kufikiri.

3

"Kunywa uji, mwanangu. Mfupa unataka uji," alisema Mama Ngonyani.

Ilikuwa wiki moja baada ya siku ya picha, na wageni wa matanga walikuwa wamepungua. Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, uso wake umepata rangi tena. Subilaga alikaa kwenye kiti kidogo na kukiegemeza kikombe kwenye goti. Alikuwa amekuja kusema. Njia nzima alikuwa anayapanga maneno.

"Nilikuwa silali, Subi," Mama aliendelea. "Najiuliza, alisinzia? Alizeeka mimi sioni? Padri ananiambia tumwachie Mungu, mimi moyoni nasema, Mungu nimemwachia, lakini hii kitu ilitokeaje? Sasa nalala. Tangu ile picha yako nalala mpaka jua linanikuta." Akamshika mguu. "Wewe ni mtoto wangu. Umemsafisha baba yako."

Subilaga akapiga funda jingine la uji.

"Wanasema barabara ya uwanjani wataiita kwa jina lake. Angecheka sana. Angesema, barabara yenyewe ina mashimo." Mama akacheka, kisha akautazama ukuta. "La mwaka huu mliwahi kulipiga?"

"Sijui, Mama. Filamu nzima iko kwa Tume. Wanasafisha za kiapo tu."

"Basi. Hata kama hamkuwahi, si neno."

Subilaga akamaliza uji wote, akasema ulikuwa mtamu, akaaga. Alipofika barabarani aliegemea ukuta wa watu akalia kwa uchungu mpaka mama mmoja muuza vitumbua akamletea kigoda akae.

4

Kituo kilimwita kuchukua vitu vyake vilivyookolewa. Karakana ilikuwa tupu, mafundi wamekwenda kula. Walimpa mfuko: kamera iliyopondeka, kiatu kimoja, kitambulisho. Karani wa Tume alikuwa ametoa kasha la filamu na kuiacha kamera, kwa sababu sheria ilitaja filamu tu. Kioo kilikuwa bado kimeng'ang'ania kwenye lenzi, hakina hata ufa.

Pembeni, juu ya benchi, palikuwa na sanduku la chuma lililobabuka, limebandikwa karatasi: SI USHAHIDI. Taa moja ya kijani ilikuwa inapepesa.

"Msaidizi?" aliita Subilaga.

"Habari, Subilaga. Bega linaendeleaje?"

"Linaunga." Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Umeulizwa?"

"Wahandisi wameniuliza. Nimewaambia nilionya mara tatu, na skrini zilikuwa zinawaka mpaka tulipogonga. Wameandika. Halafu wakaniambia maandishi hayo hayaendi popote."

"Na mimi? Ulisema mimi nilifanya nini?"

"Nilisema uliomba sekunde kumi."

Hakukuwa na lawama kwenye sauti ile, wala hakukuwa na huruma. Subilaga alitamani kuwe na kimojawapo. Katika Manyoni nzima kulikuwa na mashahidi wawili wa kilichotokea, mmoja alisema kweli na sheria ikajiziba masikio, mwingine alisikilizwa na sheria na akasema uongo.

"Unadhani nifanye nini?"

"Sijaruhusiwa kushauri juu ya kesi," ilisema Msaidizi. "Lakini Gidioni alizikagua skrini zile vizuri. Nilikuwa nimewashwa. Niliona zinapokea umeme sawasawa."

Mafundi wakasikika wanarudi. Subilaga akafungua kioo kwenye lenzi, akakitia mfukoni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

5

Alikwenda mahabusu siku ya Jumatano, saa ya ndugu kuona ndugu zao. Alidhani atamkuta Gidioni Kitundu ana hasira, na hasira ingemsaidia. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia.

Gidioni alisimama alipomwona, akampa mikono yote miwili kupitia wavuni. Alikuwa amekonda.

"Dada Subi. Mimi ndiye nilitakiwa nije kwako. Nisamehe."

"Nikusamehe nini, kaka?"

"Kapteni. Na wewe, nusura nikuue." Alivuta kiti karibu. "Nimeshaelewa kilichotokea. Skrini ya kati ina soketi nyuma, na soketi ina skrubu nne. Ukishakaza unapaka mstari wa rangi nyekundu kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye bati, ili ikilegea mstari ukatike, uone. Wiki ya kwanza niliwaapia nilipaka yote minne. Nilikuwa naiona. Wiki ya pili nikawa naiona mitatu. Sasa hivi nikifumba macho naiona bisibisi imekaa juu ya kiti cha rubani, simu inalia, ni mke wangu, natoka nje kupokea. Sikurudi, dada. Ya nne sikuikaza. Soketi ikacheza, ikavuta na zile skrini nyingine, zote zikazimika."

"Alikupigia siku hiyo?"

"Nimemuuliza. Anasema hakupiga." Gidioni akasugua paji la uso. "Lakini nasikia ule mlio kabisa. Wataka kuniambia nimeutunga? Picha yako si ipo? Skrini si nyeusi? Zikiwa nyeusi, lazima kuna kitu sikukifanya."

Subilaga alikuwa amejiandaa kumwonea huruma mtu asiye na kosa. Hakujiandaa kumkuta mtu ambaye kwa wiki mbili alikuwa amekaa kwenye sakafu ya saruji akijijengea kosa, skrubu kwa skrubu, kwa ufundi wake wote, ili lilingane na picha.

"Kesho nakiri," Gidioni alisema. "Wakili anasema nikikiri ni miaka sita. Nikibisha, kumi na minne. Lakini si kwa ajili ya miaka. Nataka nimwombe radhi yule mama mbele za watu."

"Usikiri kabla sijazungumza."

Gidioni akamtazama kwa upole, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Utazungumza nini, mdogo wangu? Wewe una maswali mawili tu."

Askari akagonga meza kwamba muda umekwisha.

6

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja kwa Mama Ngonyani. Alimkuta uani anachambua maharage kwenye ungo. Safari hii hakusubiri uji.

"Mama, skrini zilikuwa zinawaka."

Akasema yote. Kioo, soksi, kushoto kidogo, onyo mara tatu, sekunde kumi. Alisema akiwa amesimama, maana aliogopa akikaa atapunguza maneno. Vidole vya Mama viliendelea kutafuta vijiwe kwenye maharage, kimoja, kingine, mpaka vikasimama.

"Alihesabu?"

"Alihesabu, Mama. Mpaka kumi."

"Polepole?"

"Polepole. Alikuwa ananitania."

"Ndivyo alivyokuwa akiwahesabia watoto wakijificha," alisema Mama, na machozi yakamtoka bila sauti, yakaangukia kwenye ungo. "Miaka mitatu iliyopita nilimwambia inatosha, ukuta umejaa. Nilimwambia kwa mdomo tu. Moyoni nilikuwa naisubiri. Nilikuwa naisubiri hata mwaka huu."

"Si wewe, Mama. Ni mimi niliyemwambia asubiri."

"Usinigawie, Subi. Kila mtu atachukua lake." Akajifuta kwa ncha ya khanga. Aliponyanyua uso ulikuwa uso wa mwanamke mzee ambaye Subilaga hakuwa amewahi kumwona. "Yule fundi ana watoto?"

"Watatu."

"Nenda kaseme. Useme yote, usimfichie mume wangu. Lakini hapa usije tena." Subilaga akafungua mdomo, Mama akainua mkono. "Sikufukuzi kwa hasira. Ni kwamba nikikuona nitamsikia anahesabu."

7

Gidioni Kitundu alikuwa amekwisha kusimama na karatasi yake ya kukiri mkononi, ameifungua na kukohoa, Subilaga aliponyanyuka kwenye safu ya tatu.

"Mheshimiwa, naifuta picha yangu."

Kulizuka kelele. Jaji Kihiyo aligonga meza mara kadhaa kabla ya kusikika. "Bi. Mwambene, mpigapicha akifuta moja amefuta zote. Miaka tisa."

"Najua, Mheshimiwa. Ni elfu thelathini na kitu."

"Kuna watu walioshinda kesi kwa picha hizo. Kuna walioshindwa."

"Najua."

Alisogea mbele, akatoa kile kioo mfukoni, akakiweka juu ya meza ya Jaji, karibu na kompyuta yake. "Kishike mbele ya jicho, Mheshimiwa, utazame skrini. Kisha ukizungushe."

Jaji alikitazama kwanza kama anatazama mdudu. Akakiweka jichoni. Akazungusha. Watu wote waliuona mdomo wake ukifunguka. Akazungusha tena, akarudisha, akazungusha, na huko nyuma rubani mmoja kijana akapiga kelele, "Miwani!" kisha akashika kichwa kwa mikono miwili. Marubani wenzake wakatazamana. Hakuna aliyecheka.

"Ulikiweka kwa ajili gani?" aliuliza Jaji, na lilikuwa swali la tatu kuwahi kuulizwa kwa mpigapicha wa kiapo katika ukumbi ule.

Subilaga akalijibu. Alisema juu ya wingu na juu ya nani aliyepelekewa. Alisema onyo lilikuwa linawaka na wote wawili waliliona. Alisema rubani alikuwa tayari kushuka na yeye ndiye aliyeomba muda. Kiti cha Mama Ngonyani kwenye safu ya mbele kilikuwa kitupu, na alimshukuru Mungu kwa hilo.

Haikuchukua hata saa moja. Tume ilipokea kukiri kwake juu ya kioo tu; ya rubani yalikuwa kumbukumbu ya binadamu juu ya mtu mwingine, nayo sheria haikuyataka. Bila picha hapakuwa na ushahidi, na bila ushahidi hapakuwa na mtu wa kushitakiwa. Tume ikaandika kwamba chanzo cha ajali hakikuthibitika. Subilaga akasalimisha kitambulisho chake cha kiapo kwa karani, naye akakipokea bila kumtazama usoni. Habari za barabara ya uwanjani hazikutajwa tena na mtu yeyote.

Alimkuta Gidioni nje, kwenye ngazi, juani. Mkewe alikuwa hatua chache chini akielewana na mtu wa bajaji. Gidioni alikuwa bado ameshika karatasi yake.

"Kwa hiyo zilikuwa zinawaka," alisema.

"Zilikuwa zinawaka, kaka Gidioni. Zote tatu. Mpaka tulipogonga."

Akatikisa kichwa kukubali. Subilaga akadhani yamekwisha, akageuka aondoke.

"Lakini inaweza kuwaka na skrubu tatu," alisema Gidioni. "Nimeshawahi kuona. Inalegea tu, inawaka hivyo hivyo. Wameniambia hapana ushahidi. Hawakuniambia nilikaza." Aliangalia mikono yake. "Bado nasikia ile simu, dada. Nikirudi kazini nitaifunguaje skrini nyingine? Ile ya nne, niliikaza?"

Subilaga hakuwamo ndani ya ndege wakati wa ukaguzi, na Msaidizi iliona umeme tu, haikuona skrubu. Alikuwa kantini anakunywa chai na chapati, anabishana na mpishi juu ya mpira. Kwa miaka tisa hakuwahi kuthibitisha kitu ambacho hakikupita kwenye lenzi yake, na picha moja tu ndiyo iliyomharibia. Alijua pia, kama mtu yeyote wa umri wake, kwamba kumwambia mtu kitu kisichokuwapo hata akakikumbuka ndiyo dhambi iliyoifanya sheria ile itungwe.

"Uliikaza," alisema.

"Uliniona?"

"Nilikuona. Nilikuwa nyuma, naweka sawa mikanda yangu. Ulikaza ya nne, ukapaka rangi, ikakugusa kidole. Ukakifuta kwenye ovaroli."

Gidioni akainua mkono wa kulia. "Kidole hiki?"

"Hicho."

"Na simu?"

"Haikulia. Ulikuwa unapiga mluzi."

Alikunja uso, akitafuta. Mkewe akamwita, mama wa watu, amefurahi mpaka sauti inamtetemeka, lakini yeye hakusogea. Alikuwa anamtazama Subilaga kwa macho ya kuomba.

"Niambie tena," alisema.

Subilaga akakaa naye kwenye ngazi, akamwambia tena tangu mwanzo, skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu, polepole, mpaka na yeye mwenyewe akaanza kukumbuka.